Binti yangu aliandika kwamba hana ndugu

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma kabla sijabadili mawazo.

Nina watoto watatu. Wa kwanza ni msichana wa miaka 11. Wa pili ni mvulana wa miaka 7 aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei mwenyewe, maneno yake tunayaelewa sisi wa nyumbani tu, na tangu alipokuwa na miaka miwili ana kifafa. Kitindamimba wetu wa kiume ana miaka 4. Mimi na baba yao tunafanya kazi kwa kupishana zamu ili mmoja awepo nyumbani kila wakati. Kwa hiyo tukikutana huwa tunakabidhiana: dawa amekunywa saa ngapi, amelala vipi, kliniki ni lini. Mazungumzo yetu yote ni hayo.

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa aliniita, akanipa daftari la binti yangu bila kusema neno. Walikuwa wameandika insha, “Familia Yangu”. Mwandiko mzuri, hakuna kosa hata moja. Ameeleza kazi ya baba yake. Ameeleza kwamba mama yake hupenda kuimba akifua nguo (mimi sikumbuki mara ya mwisho nimeimba lini). Kisha akamalizia: “Mimi ni mtoto wa pekee.” Shangazi, wadogo zake wawili hawamo kabisa, kama vile hawajazaliwa.

Nilifika nyumbani nikamfokea. Nilimwambia, “Huna haya? Mdogo wako amekukosea nini?” Hakulia. Alisema, “Samahani, mama,” akaenda kumlisha mdogo wake.

Tangu siku hiyo amekuwa malaika. Anaamka kabla yangu. Anapanga dawa za mdogo wake kwenye kikopo. Ukimtuma hachelewi, ukimuuliza anasema yuko sawa. Ameacha mpira wa kikapu alioupenda kuliko kitu chochote, eti umemchosha. Majirani wananipongeza kwa malezi. Mama mkwe wangu ndiye amezidi, kila akija husema mbele yake, “Tushukuru Mungu alianza kutupa huyu, ndiye atakayemtunza mwenzake sisi tukiondoka.” Mara ya mwisho aliposema hivyo nilimwona binti yangu akiitazama sakafu.

Halafu yule mdogo wa mwisho juzi aliniuliza, “Mama, nikifika miaka saba na mimi miguu yangu itakataa?” Nikacheka, nikamwambia aache maneno ya ajabu.

Baba yao anasema nakuza mambo. Anasema wao walizaliwa wengi na hakuna aliyewauliza wanajisikiaje. Labda ni kweli. Lakini silali. Je, nimemharibu mtoto mmoja kwa kumhangaikia mwingine? Nianzie wapi, na sina hata saa moja ya ziada ya kumpunguzia mgonjwa wangu? Nisamehe, najua si mgonjwa, ulimi umezoea.

Mama wa watatu

*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kutoifuta mara ya nne.

Nianze na insha, kwa sababu umeisoma ukiwa umeumia, na aliyeumia huona mstari mmoja tu. Binti yako angekuwa anamwonea haya mdogo wake mwenye ulemavu, angemwondoa huyo mmoja akambakiza wa miaka 4, anayekimbia na kuongea kama wenzake. Yeye amewaondoa wote wawili. Amebaki na baba mwenye kazi na mama anayeimba. Mtoto huyu amejiandikia nyumba ambamo anaweza kukaa karibu nawe bila mtu kuita. Tena ona, wewe hukumbuki uliimba lini. Yeye anakumbuka.

Kwa hiyo kabla ya lolote, muombe msamaha. Maneno machache: “Siku ile ya daftari nilikufokea. Nilikosea. Ulichoandika hakikuwa kosa.” Kisha funga mdomo. Usifuatishe “lakini na wewe”, maana hapo msamaha unageuka karipio la pili. Asipojibu, usimbane. Watoto wa umri wake husema mengi mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine, mkikunja nguo pamoja au mkitembea njiani. Ukimkalisha kwenye kiti na kumwambia “sasa tuzungumze”, utapata “niko sawa” nyingine.

Sasa nikutishe kidogo. Katika barua yako yote, insha ndiyo iliyonitia wasiwasi mdogo. Ninayemwogopa ni huyo malaika aliyekuja baada yake. Binti yako alijaribu mara moja, kwa kalamu, kusema kitu. Akakuta kinakuumiza. Amejifunza kwamba wewe umebeba mengi, na kwamba huzuni yake ni mzigo wa ziada, basi ameamua kuificha na kukupunguzia kazi. Wanaofanya kazi na watoto wa namna hii wana jina kwa ajili yao: watoto wa kioo. Mzazi akimtazama, macho yanapita moja kwa moja hadi kwa yule mwenye ulemavu aliye nyuma yake. Majirani wanaokupongeza wanatazama kioo hicho hicho.

Mimi najua malaika huyo anavyochoka. Kaka yangu ni kiziwi. Wazazi wangu hawakujifunza lugha ya alama, mimi niliijua kwa kucheza naye, kwa hiyo nikiwa na miaka minane nikawa mkalimani wa nyumba nzima. Nilitafsiri ugomvi, nilitafsiri misiba. Siku moja daktari alitaka niwaelezee wazazi wangu, kisha nimwelezee kaka, kwamba sikio lililobaki nalo linakwisha. Nilifikisha ujumbe vizuri sana. Watu walinisifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba na mimi ndiyo nilikuwa nazisikia habari hizo kwa mara ya kwanza. Kaka yangu nampenda hadi leo na tunapigiana simu ya video karibu kila siku. Sikumlaumu yeye. Nilichokitaka ni mtu mmoja aniulize, “Na wewe?”

Ukimuuliza binti yako “na wewe?”, ujiandae kwa majibu yasiyopendeza. Atakuja kukuambia amechoka naye. Pengine atasema anaona haya wenzake wakija nyumbani, au anaona vibaya yeye kukimbia wakati mdogo wake hawezi. Asubuhi moja anaweza kumpenda, kumchukia na kumpigania mbele ya watoto wa jirani, na yote matatu ni ya kweli. Jibu ambalo sisi wazazi tunalo tayari ni, “Usiseme hivyo, mwenzako hakupenda kuwa hivyo.” Analijua hilo kuliko sisi. Ndiyo sababu alikaa kimya. Mwambie tu, “Inachosha kweli. Hata mimi kuna siku nachoka.” Hutakuwa umemsaliti mwanao wa kati kwa kusema hivyo.

Na huyo wa kati naye mwacheni awe ndugu, kwa maana zote za neno. Akimvuta dada yake nywele, akemewe. Akimharibia daftari, aombe radhi kwa namna anayoiweza. Nyumba nyingi humsamehe mwenye ulemavu kila kitu na kumwadhibu mzima kwa kidogo, na hapo ndipo chuki ya kweli inapoota mizizi. Kumbuka pia kwamba mtoto ambaye maneno yake hayaeleweki anaweza kuwa anaelewa kila kitu mnachosema mbele yake, pamoja na hayo ya bibi yake. Watafutieni jambo moja ambalo wawili hao hulifanya kwa raha, ambamo dada si muuguzi: yeye arushe mpira kapuni, mdogo wake ahesabu mabao kwa sauti yake mwenyewe, na akidanganya hesabu wagombane.

Kitindamimba wako hakusema maneno ya ajabu, mwanangu. Alikuuliza swali la kitabibu, na lilistahili jibu. Watoto wa umri wake huunganisha mambo kwa njia zao: kaka ana miaka saba, kaka hatembei, basi miaka saba huchukua miguu. Wengine hudhani waliambukizwa au wataambukizwa. Wengine, na hili hawalisemi, hudhani wao ndio waliosababisha, kwa sababu siku moja walimsukuma. Mrudie leo. Mwambie hivi: “Ubongo ndio unaoiambia miguu itembee. Ubongo wa kaka yako uliumia zamani, kabla wewe hujazaliwa. Hakuna mtu aliyemfanyia. Haiambukizi. Ukifika miaka saba miguu yako itaendelea kutembea.” Atakuuliza tena baada ya wiki mbili kana kwamba hukujibu. Jibu tena.

Dada yake anahitaji zaidi ya hapo. Mpe jina la hali yenyewe, mtindio wa ubongo. Mweleze kwamba ni jeraha la ubongo uliokuwa ukikua, na kwamba jeraha lenyewe halizidi kuenea, ingawa misuli inaweza kukaza na mwili kubadilika mtoto akikua. Anaulizwa shuleni “mdogo wako ana nini?” na nina hakika hana sentensi ya kujibia. Tungeni pamoja, fupi, aitumie atakapo. Siku ya kliniki ambayo haina masomo, mchukue kama anataka, aingie na maswali yake na amuulize daktari mwenyewe. Siri ndani ya familia haimlindi mtoto. Eunice Kennedy Shriver, dada wa John F. Kennedy aliyekuwa Rais wa Marekani, anakumbukwa kwa Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza Chicago mwaka 1968. Lakini miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1962, alifanya jambo ambalo kwa familia kama yao lilikuwa gumu zaidi: aliandika makala jaridani akasema wazi kwamba dada yake Rosemary ana ulemavu wa akili. (Simtaji ili binti yako naye aambiwe atakuwa shujaa wa watu wenye ulemavu. Aachwe apende mpira wa kikapu.)

Kuhusu kifafa nitakuwa mkali. Mtoto wa miaka 11 asipange dawa za kifafa. Kipimo kikikosewa au dozi ikirukwa, degedege linaweza kurudi, na yeye ataishi akiamini alimdhuru mdogo wake. Kikopo hicho kirudi mikononi mwenu leo hii, na mwambie kwa nini, asidhani ni adhabu. Anachostahili kukijua ni la kufanya akiwa ndiye wa kwanza kuona: amgeuze alale ubavu, aweke kitu laini chini ya kichwa, aondoe vitu vinavyoweza kumwumiza, asimkandamize, asimtie chochote mdomoni, atazame saa na kumwita mtu mzima. Degedege likipita dakika tano, mtu mzima aombe msaada wa dharura. Mazoezi ya mambo hayo yafanyike mchana, kila mtu akiwa mtulivu. Ndugu wengi hulala wakisikiliza pumzi za chumba cha pili. Akijua kuna mpango, na kwamba mpango huo si yeye peke yake, atalala.

Simaanishi asisaidie kabisa. Kusaidia nyumbani ni sehemu ya kukua, na kuna fahari ndani yake. Kipimo changu ni hiki: akisema “leo siwezi”, je, kuna kitu kitaharibika? Kama kitaharibika, hiyo ni kazi ya mtu mzima aliyomwachia mtoto. Kumlisha mdogo wake mara moja moja, sawa. Kuwa ndiye anayemlisha kila jioni, hapana.

Sasa saa usiyokuwa nayo. Sikuombi saa. Nakuomba dakika ishirini, mara mbili kwa wiki, siku zinazojulikana, zake peke yake. Kwa kuwa mnapishana zamu, zile nyakati chache ambazo nyote wawili mko nyumbani zitumieni hivi: mmoja na wale wawili, mwingine na binti. Wiki inayofuata mbadilishane, kwa sababu baba naye yumo katika insha ile. Binti achague mtakachofanya. Simu ibaki ndani. Usimtaje mdogo wake wala shule isipokuwa yeye akianza. Degedege likivunja siku hiyo, mwambie palepale, “Nina deni lako, nitalilipa Jumapili,” na Jumapili ulipe. Mtoto anayelipwa madeni yake huvumilia mengi. Anayeambiwa “siku nyingine” mara kumi huacha kudai, nasi tunafurahi kwamba amekua.

Mpira wa kikapu usiuache upotee hivi hivi. Hakuuchoka. Ameona ratiba ya nyumba ikivutana, akaamua atakayekatwa ni yeye. Mwambie hukuridhika na uamuzi huo, na kwamba namna ya kumfikisha mazoezini ni tatizo lenu ninyi wazazi, mtalitatua. Kisha mlitatue kweli, hata kwa kumwomba mzazi wa mchezaji mwenzake.

Bibi yao asemeshwe na mwanawe, faraghani, kwa heshima zote. Najua anasema kwa upendo na kwa hofu, ile hofu ya kila mzee: huyu tutamwachia nani? Ila anaijibu kwa kumkabidhi mtoto wa miaka 11 maisha yake yote mbele ya wageni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Hili linamhusu na hakuna aliyemuuliza. Mwambieni ninyi wawili, kwa pamoja: “Kumtunza mdogo wako ni kazi yetu, na kupanga ya baadaye ni kazi yetu. Ukiwa mtu mzima utachagua wewe unataka kushiriki kiasi gani.” Ili yasiwe maneno matupu, anzeni kupanga. Wekeni kwenye daftari moja dawa zake, madaktari wake, anavyoonyesha maumivu, anavyotuliza hofu. Kaeni na ndugu wengine wa ukoo mwone nani anaweza nini. Muulizeni mwanasheria kuhusu mlezi na mali. Wengi wa ndugu hawa hatimaye huchagua wenyewe kubaki karibu, mimi nikiwa mmojawapo, lakini mlango ulio wazi na mlango uliofungwa kwa nje havifanani hata kama mtu ameketi chumba kilekile.

Kuna jambo ambalo hata mkifanya yote hamtaweza kumpa: mtu wa rika lake anayeishi anayoyaishi. Mwaka 1982, huko Seattle, Marekani, Don Meyer alianza vikao vya watoto wenye ndugu wenye ulemavu, vinavyoitwa Sibshops, ambavyo baadaye vilienea nchi nyingi. Hupokea hasa watoto wa miaka 8 hadi 13, na sehemu kubwa ni michezo, mazungumzo yakipenyezwa katikati. Napenda mpangilio huo, hakuna anayelazimishwa kutoa siri. Kama hakuna kikao cha aina hiyo karibu nanyi, angalia foleni ya fiziotherapia. Wamama mnaosubiri pale wana watoto wengine nyumbani. Wakutanisheni wawili watatu, waacheni wacheze, na siku moja mmoja atasema “mdogo wangu hupiga kelele usiku” na mwingine atajibu “wangu pia”.

Umeuliza kama umemharibu. Hapana. Mtoto aliyeharibika asingeandika kwamba mama yake anapenda kuimba. Lakini mfuatilie: akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, akilalamika tumbo au kichwa kila mara na daktari haoni ugonjwa, akijitenga na rafiki zake wote, mpeleke kwa mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili wa watoto. Akitamka kwamba hataki kuishi, au kwamba ingekuwa heri asiwepo, usisubiri hata siku moja.

Baba yao msomee barua hii. Anasema hawakuulizwa. Mwache amalize, halafu muulize yeye: angeulizwa siku zile, angesema nini? Usimjibie. Nimewaona wanaume wazima wakikaa kimya muda mrefu sana mbele ya swali hilo.

Mwalimu wake mshukuru kwa kukuita badala ya kuisoma insha darasani, na umwombe asimtake binti aiandike upya. Daftari libaki kwa binti. Niandikie mpira wa kikapu ukianza tena.

Shangazi